Abu Rayhan al-Biruni na Mizani ya Maji

  

Ndugu wasomaji, makala haya yamezaliwa na tangi la maji. Katika msikiti mmoja wa mitaa yetu hii ya bara ya kaskazini, watu walishitakia udhaifu wa maji katika mifereji ya ghorofa ya juu, mahali wanapotawadha wanafunzi wa madrasa. Kamati ikakaa, na baada ya maneno mengi ikakata shauri kuwa liondolewe tangi jembamba lililokuwapo juu ya sakafu, na pahali pake liwekwe jingine pana lenye kuchukua maji mara tatu zaidi, kwa hoja ya kwamba maji yakiwa mengi na nguvu zake zitakuwa nyingi. Mimi niandikaye maneno haya nalikuwa miongoni mwa walioinyoshea mkono rai hiyo. Fedha za waumini zikatoka, tangi likapandishwa kwa tabu kubwa, na maji ya ghorofa ya juu yakatoka vile vile yalivyokuwa yakitoka zamani.

Kijana mmoja wa darasa yetu, asomaye shule ya sekondari, alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba msukumo wa maji hutazama kimo, hautazami upana wa chombo. Mzee mmoja akamnyamazisha kwa kumwambia kuwa hiyo ni elimu ya Wazungu, wala haina nafasi katika shauri la msikiti. Sikumlaumu mzee, kwani nami nalinyamaza. Lakini niliporudi nyumbani nalikumbuka kwamba mambo ya maji na vyombo vyake yaliandikwa kwa Kiarabu, na Mwislamu, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na nikaona haya kuwa sisi tuliosomea lugha hiyo ndio tulioyasahau. Basi nimeona niandike kwa ufupi maisha ya mtu huyo, Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni, Allah amrehemu.

Alizaliwa katika mwezi wa Dhulhija mwaka 362 wa Hijra, nao ni mwaka 973 wa Miladi, katika viunga vya mji wa Kath, mji mkuu wa nchi ya Khawarizm, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Uzbekistan. Lugha ya mama yake haikuwa Kiarabu wala Kifursi. Ilikuwa ni Kikhawarizmi, lugha ambayo sasa haina msemaji. Kiarabu alikisoma, kama tukisomavyo sisi, na juu ya hivyo ndicho alichokiandikia takriban vitabu vyake vyote. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mtu wa pwani ya mbali hawezi kuwa na sehemu katika elimu kubwa ya Uislamu illa awe amezaliwa Misri au Hijazi.

Mwalimu wake alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa kifalme na mwanahesabu hodari. Kabla hajatimiza miaka ishirini Abu Rayhan alikwisha kupima kimo cha jua katika mji wao na kutoa kwacho mahali ulipo mji huo juu ya ardhi. Kisha fitina ikaingia. Mwaka 995 watawala wa Gurganj waliupindua ukoo wa Banu Iraq, na kijana akakimbia nchi yake mikono mitupu. Alifika Rayy akiwa fukara, na huko alipambana na mnajimu mmoja aliyeipinga rai yake katika mas'ala ya elimu na kumdharau kwa sababu ya umaskini wake. Baadaye hali yake ilipotengenea, mtu yule yule akawa rafiki. Abu Rayhan mwenyewe amelihadithia jambo hili, na yaonyesha kuwa lilimchoma.

Mwaka 997 tunamwona amerudi Kath. Mwezi ulipopatwa mwaka huo, yeye aliutazama kutoka Kath, na Abu'l-Wafa al-Buzjani akautazama kutoka Baghdad, kwa makubaliano ya barua, ili kwa tofauti ya saa wajue umbali wa mashariki na magharibi baina ya miji miwili. Fikirini, ndugu zangu: wanavyuoni wawili, mbali kwa mwendo wa majuma mengi ya ngamia, wakiutazama mwezi mmoja usiku mmoja kwa ahadi.

Takriban mwaka 390 wa Hijra, yaani mwaka 1000, akiwa Jurjan katika himaya ya Amir Qabus bin Washmgir, alitunga kitabu chake kikubwa cha kwanza, al-Athar al-Baqiya. Kitabu hicho ni cha tarehe na kalenda za mataifa, wala si cha maji. Lakini alipokuwa akitaja siku ambazo watu wa kale walidai kuwa maji ya visima na chemchemi huzidi au hupungua, aliacha njia yake kwa kurasa kadhaa akaeleza maji yanavyokwenda. Na hapa ndipo penye haja yetu.

Alieleza kwamba maji ya chemchemi hayapandi kwa siri yoyote. Hupanda kwa sababu hazina yake iko mahali pa juu zaidi, na yakipata njia hupanda mpaka yakaribie usawa wa hazina ile. Akapambanua aina mbili za visima. Kuna kisima ambacho maji yake huingia kwa kuchuja kutoka pembeni, na hayo husimama sawa na maji yaliyo jirani yake ardhini, hayana nguvu ya kuruka. Na kuna kisima ambacho maji yake hububujika kutoka chini kwa kuwa yamebanwa na asili yake iko juu. Haya yaweza kuongozwa yakapanda hata ngomeni na hata juu ya minara. Akataja watu wa Yemen wanaochimba mpaka wakafika kwenye mwamba wenye maji chini yake, nao hujua kwa sauti ya kuugonga. Akataja pia kile chombo kiitwacho mwizi wa maji, yaani mrija uliopinda: ukiujaza maji na kuitia ncha zake katika vyombo viwili ambavyo maji yake yako usawa mmoja, hakuna kinachomimina katika mwenziwe, kishushe kimoja, na maji yataanza kwenda.

Mwenye kutaka kuliona jambo hili hana haja ya safari. Litazame dele la kahawa. Tumbo lake ni pana na mdomo wake mwembamba, na maji ya ndani ya tumbo ni mengi mara nyingi kuliko yale ya ndani ya mdomo. Hata hivyo yote mawili husimama usawa mmoja. Lau kama upana ungekuwa na nguvu, maji ya tumbo yangeyasukuma yale ya mdomo yakamwagika juu ya mkeka hata kabla mwenye kahawa hajaliinua dele. Vivyo hivyo mafundi wetu wa kujenga, wanapotaka ukuta wa huku ulingane na ukuta wa kule, hutumia mpira wa maji: mpira waweza kupinda, kushuka shimoni, kupita nyuma ya nguzo, na ncha zake mbili zikaonyesha usawa ule ule. Fundi hakusoma al-Athar al-Baqiya, lakini mkono wake wayajua yaliyomo.

Hapa yanipasa kuwa mwadilifu. Wako katika sisi wapendao kusema kwamba kila kilichovumbuliwa na Wazungu kilikwisha kuandikwa na Waislamu, na maneno hayo hutupendeza kwa sababu hayatutaki tufanye kazi. Abu Rayhan alieleza usawa wa maji na sababu ya kupanda kwake. Kanuni yenyewe ya msukumo, kwamba uzito ambao maji huutia juu ya kila shubiri ya sakafu ya chombo hutegemea kimo cha maji tu, wala si umbo la chombo, ilithibitishwa waziwazi baadaye na Simon Stevin, mtu wa Uholanzi, katika kitabu chake cha mwaka 1586, kisha na Blaise Pascal wa Ufaransa, ambaye risala yake juu ya jambo hilo ilipigwa chapa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Pascal alieleza vyombo vya maumbo mbalimbali, kimoja kipana, kimoja chembamba kama bomba, kimoja kimekwenda upande, vyote vina tundu la ukubwa mmoja chini na maji ya kimo kimoja. Na kizibo cha kila tundu huhitaji nguvu ile ile kukizuia, ingawa maji ya chombo kimoja ni ratili 100 na ya kingine wakia chache.

Mtu atauliza: basi uzito wa maji mengi ya chombo kipana huenda wapi? Jawabu ni kwamba huchukuliwa na sehemu nyingine za sakafu ya chombo na kuta zake zilizolala. Kila sehemu ya sakafu hubeba nguzo ya maji iliyo juu yake tu. Maji yaliyosimama mita 10 hutia uzito wa kilo 1 hivi juu ya kila sentimita mraba, yawe ndani ya mrija au ndani ya ziwa. Kwa hiyo tangi letu pana lilitupa akiba, na tena maji yake hayashuki upesi watu wanapotawadha kwa wingi siku ya Ijumaa; hizo ni faida, sizikatai. Lakini tulichotaka ni nguvu, na nguvu ingepatikana kwa kulipandisha lile tangi la zamani juu ya nguzo, na kwa kubadili bomba lililojaa kutu, kwani maji yanayokwenda huchoshwa na njia nyembamba. Gharama yake haingefika nusu.

Na mwenye kutaka mfano mkubwa zaidi, na ayakumbuke maji ya Mzima. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, huzama katika majivu na mawe ya volkano, hupita chini ya ardhi makumi ya kilomita, kisha hutokeza Mzima katika Tsavo yakiwa safi. Na kutoka huko, tangu lilipolazwa lile bomba la miaka ya 1950, huteremka njia ya zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa, kwa kuwa Mzima iko juu na sisi tuko chini.

Turudi kwa mtu wetu. Katika ujana wake aliandikiana na Ibn Sina, aliyekuwa mdogo kuliko yeye, akamletea maswali 18. Miongoni mwake alimuuliza: ikiwa ni kweli kwamba mahali patupu kabisa hapawezi kuwapo, mbona chupa ikifyonzwa hewa na kupinduliwa juu ya maji, maji hupanda ndani yake? Na mbona barafu huelea, nayo ni maji yaliyoganda? Maswali hayo yalikuwa na ukali, na majibu hayakumridhisha. Kwake yeye, jina la Aristotle halikutosha kuwa dalili.

Wakati fulani alitengeneza chombo cha kupimia uzito wa madini na vito. Kilikuwa na umbo la pia, chini kipana na juu chembamba, na shingoni kilikuwa na tundu lenye mrija wa kushukia maji. Hukijaza maji mpaka tundu, kisha hutia ndani dhahabu au yakuti iliyopimwa, na maji yaliyosukumwa hutoka kwa mrija. Maji hayo huyapima kwa mizani. Kwa nini shingo nyembamba? Kwa sababu katika mahali pembamba, maji kidogo mno huonekana kwa kupanda sana, na katika mahali papana hata kiasi kikubwa hakionekani. Hapa sasa, ndugu zangu, umbo la chombo lina kazi kubwa. Msukumo haulitazami umbo, lakini kipimo hulitazama, na mtu mwenye elimu hujua lipi ni lipi. Matokeo yake yako karibu sana na yale ya maabara za leo, na tumeyapata kwa kuhifadhiwa na al-Khazini katika Kitab Mizan al-Hikma, alichokitunga mwaka 515 wa Hijra.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khawarizm, akawachukua wanavyuoni wake, na Abu Rayhan akiwamo, pamoja na mwalimu wake Abu Nasr. Hakwenda kwa hiari, na miaka ya kwanza ilikuwa ya dhiki. Mwaka 1018 alikuwa katika kijiji kimoja karibu na Kabul, hana chombo hata kimoja cha kupimia jua. Akachora duara lenye daraja zake nyuma ya ubao wa kufanyia hesabu, akapimia kwa huo.

Huko Ghazna ndiko kilikotokea kisa ambacho nawaomba wasomaji wakizingatie. Abu Rayhan alimwonyesha mmoja wa waadhini chombo cha kujulia nyakati za Sala. Mtu yule alipoona kimechorwa miezi ya Kirumi alikikataa, kwa kuogopa kujifananisha na makafiri. Abu Rayhan akamjibu kwamba Warumi nao hula chakula na huenda masokoni. Basi na ayaache mambo hayo mawili pia.

Kwa kuwa amepelekwa upande wa Hindi, alijifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanavyuoni wa Kibaniani, na mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake juu ya Bara Hindi, ambamo ameyaeleza wayaaminiyo bila kuwasingizia. Na katika kitabu hicho ametutaja sisi, au tuseme jirani zetu: ameandika kuwa Somnath ulipata umaarufu kwa kuwa ni bandari ya mabaharia waliokuwa wakienda na kurudi baina ya Sofala ya nchi ya Zanji na Uchina. Mwaka mmoja kabla ya hicho alitunga Kitab al-Tafhim, cha kufundishia hesabu na falaki kwa njia ya maswali na majibu, kwa ajili ya mwanamke, Rayhana binti al-Hasan. Wanaowazuilia binti zao masomo wakitaja wazee waliotangulia, na wamtaje huyu naye.

Kabla sijamaliza yabaki mas'ala ya visima vyetu, kwani kamati sasa yazungumza juu ya kukichimba zaidi kile cha wakfu na kukitia mashine. Visima vya Mkomani na vya Kisauni yote vimechimbwa katika mawe ya matumbawe na mchanga, na maji yake matamu ni ya mvua, yanaelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia chini kutoka baharini. Ni mizani ya nguzo mbili, kama mwizi wa maji wa Abu Rayhan, ila nguzo moja ni nzito kidogo kuliko nyingine. Wataalamu wawili, Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walihesabu kwamba kwa kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wa pili: ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka futi 1 na ukabaki hivyo, chumvi yaweza kupanda kiasi cha futi 40 kutoka chini. Ndiyo sababu kisima kilichonywesha watu kwa ndoo na kamba kwa vizazi huharibika kwa mashine katika miaka michache, na kukichimba zaidi ni kuifuata ile chumvi iliko. Kukipanua hakudhuru, kukishusha kwadhuru. Nimeyaandika haya mapema ili yasomwe kabla ya mkutano, na safari hii sitanyamaza.

Abu Rayhan alipomtungia Sultani Mas'ud, mwana wa Mahmud, kitabu cha falaki kiitwacho al-Qanun al-Mas'udi, imepokewa kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na ndovu, naye akaurudisha hazinani kwa kuwa hana haja nao. Yaqut al-Hamawi amelihadithia hilo, na yeye pia ndiye aliyehadithia kufa kwake. Vitabu vyake vilikwisha kupita 100 na macho yake yalikuwa yamedhoofika. Fakihi mmoja, Abu'l-Hasan al-Walwaliji, aliingia kumzuru akiwa roho yake i kifuani. Abu Rayhan akamkumbusha mas'ala ya mirathi ambayo fakihi yule aliwahi kumweleza siku moja, yale ya mabibi wa upande wa mama waitwao katika faraidh al-jaddat al-fasida, akataka amrudilie. Fakihi akamhurumia, akamuuliza kama katika hali ile yafaa. Akamjibu kwamba kuiaga dunia akiwa ayajua ni bora kuliko kuiaga akiwa hayajui. Basi fakihi akamweleza, naye akayarudia mpaka akayahifadhi, na akatimiza ahadi aliyokuwa amemwahidi. Fakihi akatoka, na alikuwa bado yumo njiani aliposikia kilio. Ilikuwa ni Ghazna, karibu na mwaka 440 wa Hijra, yaani 1048.